Umri Unavyobadili Mwili: Mambo ya Kuzingatiwa na Vyama vya Msingi

Mkulima wa Tanzania aliyejiunga na chama cha msingi mwaka 1984, baada ya vyama vya ushirika kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, naye akiwa kijana wa miaka 25, amekwisha kufikisha umri wa miaka 65. Namba yake ya uanachama ni ileile. Hisa zake zimo katika daftari, na kura yake katika Mkutano Mkuu ina uzito sawa na kura ya mwanachama aliyeandikishwa jana. Jambo lililobadilika ni mwili wake. Macho yanayosoma stakabadhi, masikio yanayosikiliza mizani, mgongo unaobeba gunia na kidole kinachobonyezwa katika wino si kama vilivyokuwa alipojiunga.

Mabadiliko hayo yanavihusu vyama vya ushirika moja kwa moja. Chama ni mali ya wanachama, na mwanachama asiyeweza kusoma stakabadhi yake au kusikia taarifa ya mapato na matumizi amepungukiwa na sehemu ya haki yake, hata kama hapana mtu aliyekusudia kumdhulumu. Kwa hiyo inafaa makatibu na wanachama waelewe ni nini hasa kinachotokea mwilini umri unapoendelea, ni lipi la kawaida, ni lipi ni ugonjwa wenye tiba, na chama kinaweza kufanya nini.

UZEE HAUANZI SIKU MOJA

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Kipimo hicho ni cha utawala, na mwili una hesabu yake. Mifupa hufikia ugumu wake mkubwa kabisa karibu na umri wa miaka 30. Misuli huanza kupungua polepole baada ya hapo. Macho hudai miwani baada ya miaka 40. Tena watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja huweza kuachana sana wakifika miaka 70: mmoja bado anapanda kilima na jembe begani, mwingine hawezi kuvuka kizingiti bila fimbo. Tofauti hiyo hutokana na urithi wa wazazi, chakula, kazi, tumbaku, pombe, na magonjwa yaliyotibiwa au kuachwa. Si haki, basi, kumpima mwanachama kwa miaka yake peke yake.

MACHO

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi laini ambayo hubadili umbo ili mtu aone mbali au karibu. Kadiri miaka inavyopita lenzi hiyo huwa ngumu. Baada ya umri wa miaka 40 mtu huanza kunyosha mkono akiisogeza karatasi mbali na uso, na mwishowe mkono hautoshi. Hali hii humpata karibu kila binadamu, msomi na asiyesoma. Haisababishwi na kusoma kwingi wala haizuiwi kwa kuacha kusoma. Dawa yake ni miwani ya kusomea, ambayo ni miongoni mwa miwani ya bei nafuu kuliko yote.

Faida ya miwani hiyo haiishii katika kusoma. Katika jimbo la Assam nchini India, ulifanywa uchunguzi ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018. Wachumaji wa chai 751 wenye umri wa miaka 40 au zaidi waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja likapewa miwani ya kuonea karibu mara moja, na lingine likapewa uchunguzi ulipokwisha. Uzito wa majani waliyochuma wenye miwani kwa siku uliongezeka kupita wa wenzao kwa zaidi ya asilimia 21. Chai ilikuwa ileile na mikono ilikuwa ileile. Mkulima anayechagua kahawa mbivu na kuacha mbichi, au anayetenga pamba safi na chafu, anafanya kazi ya macho kama wale wachumaji, na daraja la zao lake hutegemea anavyoona.

Jicho la mzee hupungukiwa pia na mwanga. Mboni huwa ndogo, na lenzi hupata rangi ya manjano. Inakadiriwa kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Ndiyo sababu mzee aliyesoma vizuri barazani hushindwa kusoma ndani ya ghala. Haigizi, wala hakusahau kusoma.

Kuna mabadiliko mengine ambayo ni ugonjwa. Lenzi inapopata ukungu mweupe, mtu ana mtoto wa jicho, ambao ni sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Hapana dawa ya matone wala ya majani inayouondoa. Huondolewa kwa upasuaji mfupi, na lenzi ya bandia huwekwa mahali pa ile iliyoharibika. Mwanachama aliyeongozwa kwa mkono miaka mitatu huweza kurudi shambani mwake akiona. Ugonjwa mwingine ni presha ya macho, ambayo huharibu mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo. Huu hauna maumivu katika hali yake ya kawaida, na kuona kulikopotea hakurudi. Kwa hiyo kila aliyepita miaka 40 inampasa apimwe macho, hata kama anadhani anaona sawasawa.

MASIKIO

Sikio la mzee halipotezi sauti zote kwa pamoja. Hupoteza kwanza sauti nyembamba. Sauti nene za irabu, yaani a, o na u, huendelea kusikika, lakini sauti za s, t na f hufifia. Matokeo yake ni kwamba mzee husikia kuwa mtu anasema, lakini hapati neno lililosemwa. Husema, "Nakusikia lakini sikuelewi," naye anasema kweli.

Katika Kiswahili jambo hili lina hatari yake mizanini. Maneno "sita" na "tisa" yana irabu zilezile na konsonanti zilezile, ila zimebadilishana nafasi. Ndivyo yalivyo pia "sitini" na "tisini". Karani anapotaja "sitini na sita" katikati ya kelele za watu na magari, mzee aweza kwa moyo safi kusikia "tisini na tisa". Akifika nyumbani na kusomewa stakabadhi yenye kilo 66, ataamini kwamba ameibiwa kilo 33. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa kupaza sauti. Kupiga kelele huongeza zile sauti nene anazozisikia tayari, na uso wa hasira humwongezea shaka. Linalofaa ni kusimama mbele yake ili aone midomo, kutamka polepole, kutaja tarakimu mojamoja, na kumwonyesha mshale au namba za mizani kabla gunia halijashushwa.

Waliofanya kazi miaka mingi karibu na mashine za kukoboa au za kuchambua pamba hupungukiwa na masikio mapema zaidi, kwa kuwa kelele kali huua chembe nyeti za sikio, na chembe hizo hazioti tena. Vijana walioko viwandani sasa wangali na nafasi ya kujilinda kwa kuziba masikio wakati wa kazi.

MIFUPA NA MISULI

Mfupa ni kitu hai. Kila siku sehemu yake huvunjwa na nyingine hujengwa. Katika ujana ujenzi hushinda, na baada ya umri wa kati uvunjaji hushinda. Kwa akina mama mabadiliko huwa ya haraka baada ya hedhi kukoma, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kati ya miaka 45 na 55. Katika miaka mitano hadi saba baada ya hapo mwanamke huweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Pingili za mgongo hubonyea, urefu wa mtu hupungua, na wengine hupata kibiongo. Mfupa uliopungua hauumi. Hujulikana siku mtu anapoteleza na kuvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika uzeeni huweza kuwa mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja.

Misuli nayo hupungua kwa asilimia tatu hadi nane kila miaka kumi baada ya umri wa miaka 30, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Kwa mkulima maana yake ni wazi. Bomba la kupulizia dawa lenye lita 15 lina uzito wa zaidi ya kilo 15 mgongoni, wala halipungui kwa kuwa mbebaji amezeeka. Gunia la kilo 60 lililobebwa na kijana bila taabu huweza kumpindua mzee aliyesimama juu ya ubao wa ghala.

Hata hivyo yapo matumaini. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wazee dhaifu wenye umri wa karibu miaka 90. Baada ya majuma manane nguvu za miguu yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Msuli, basi, husikia amri ya kazi katika umri wowote. Mzee anayezuiwa na watoto wake asishike jembe kabisa, kwa nia njema ya kumpumzisha, hudhoofika upesi kuliko anayeachiwa kazi inayolingana na uwezo wake. Chakula nacho kina sehemu yake: maharage, kunde, mayai na samaki kwa ajili ya misuli, maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao kwa ajili ya mifupa.

MOYO, MISHIPA NA MAJI YA MWILI

Mishipa ya damu ya kijana hunyumbuka kama mpira. Ya mzee hukakamaa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu shinikizo la damu huelekea kupanda kwa umri. Likifika 140 kwa 90 au kupita hapo katika vipimo vya siku zaidi ya moja, huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Wengi wenye ugonjwa huo hawana dalili yoyote mpaka wapatwe na kiharusi. Aliyeanzishiwa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza. Chumvi isizidi gramu tano kwa mtu kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mboga na dagaa.

Mzee akiinuka ghafla baada ya kukaa muda mrefu, damu huchelewa kufika kichwani naye huona kizunguzungu. Anapoitwa jina lake mizanini, apewe muda wa kusimama.

Jambo lisilojulikana sana ni lile la kiu. Umri unapoendelea, hisia ya kiu hupungua, na figo hupoteza sehemu ya uwezo wa kuhifadhi maji. Mzee huweza kukaukiwa na maji mwilini bila kuhisi kiu. Wengine hujinyima maji kwa makusudi kwa kuwa kituo cha kununulia mazao hakina choo cha karibu. Kwa akina baba tezi dume huelekea kukua kwa umri na kuwafanya waende haja ndogo mara kwa mara, hasa usiku. Ukuaji huo si lazima uwe saratani, lakini unahitaji kuchunguzwa na daktari. Foleni ya saa sita juani, bila maji na bila choo, ni mzigo mdogo kwa kijana, na kwa mzee huweza kuwa safari ya hospitali.

Kwa sababu figo na ini hufanya kazi polepole zaidi, dawa na pombe hukaa mwilini mwa mzee kwa muda mrefu kuliko mwilini mwa kijana. Hivyo si vyema mzee kununua dawa dukani kwa kukisia kipimo, wala kuchanganya dawa za hospitali na nyinginezo bila kumweleza mganga.

NGOZI, SAHIHI NA DOLE GUMBA

Mvi hutokea chembe zinazotia nywele rangi zinapokoma kufanya kazi, nazo hazimdhuru mtu. Mabadiliko ya ngozi yana maana zaidi ofisini. Ngozi huwa nyembamba na kavu, vidonda huchelewa kupona, na mistari ya vidole hufifia. Kwa mkulima aliyeshika jembe miaka 40 mistari hiyo huwa imesuguliwa zaidi. Mashine za kusoma alama za vidole huweza kukataa kidole cha mzee mara nyingi mfululizo. Katibu asichukue hilo kuwa ni dalili ya udanganyifu. Kidole kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta kidogo, na vidole vingine vijaribiwe.

Mkono nao huweza kuanza kutetemeka, na sahihi ya leo isilingane na ile iliyowekwa benki miaka 20 iliyopita. Mzee anayerudishwa benki mara tatu kwa ajili ya fedha zake mwenyewe hupata hasara ya nauli na aibu pia. Ni busara kielelezo cha sahihi kifanywe upya mapema, angali na nguvu. Na pale mwanachama asiyeona vizuri anapotia dole gumba, maandishi yote yasomwe kwa sauti mbele yake na mbele ya shahidi aliyemchagua yeye mwenyewe, wala si shahidi aliyeletwa na mwenye kunufaika na karatasi hiyo.

AKILI, NA SUALA LA MACHO MEKUNDU

Ubongo wa mzee hufanya kazi polepole kuliko wa kijana. Jina la mtu huchelewa kuja, na mambo mawili kwa wakati mmoja humchosha. Lakini maarifa yaliyokusanywa, maana za maneno na uamuzi unaotokana na uzoefu hudumu. Mzee akipewa muda hujibu sawasawa. Kusahau mahali funguo zilipowekwa ni jambo la kawaida. Kupotea katika njia ya shamba aliloliendea miaka 40, au kushindwa kuwatambua watoto wake, ni ugonjwa wa ubongo, na mtu huyo apelekwe hospitali.

Hapa hapana budi lisemwe jambo zito. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yametajwa mara nyingi kuwa ndiyo ushahidi. Macho hayo yana maelezo yaliyo wazi. Mwanamke aliyepika miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, akitumia kuni, mabua au samadi kavu, amepokea moshi katika macho yake kila siku. Moshi huwasha na kuyafanya yawe mekundu, na jicho la mzee lenye machozi machache huumia zaidi. Maradhi ya macho yasiyotibiwa huongeza wekundu huo. Macho yale ni alama ya kazi aliyowafanyia watu waliokula chakula chake. Vivyo hivyo mzee anayesema peke yake usiku au kutoka nje bila kujua aendako ni mgonjwa, si mchawi. Viongozi wa vyama vya msingi wanasikilizwa vijijini, na kunyamaza kwao mbele ya uvumi wa namna hii hugharimu maisha ya watu.

YASIYOPASA KUITWA UZEE

Hatari kubwa ya neno "uzee" ni kwamba hutumiwa kufunika magonjwa yanayotibika. Mambo yafuatayo si uzee, na mwenye nayo aende kituo cha afya bila kukawia: kupungua uzito bila sababu, kikohozi kinachozidi majuma mawili, maumivu ya kifua wakati wa kazi, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ghafla, kuvimba miguu, damu katika mkojo au choo, mwanamke kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma, jicho kupoteza nuru ghafla, na kidonda kisichopona.

MAMBO YANAYOWEZA KUFANYWA NA CHAMA

Vyama vingi havina fedha za ziada, lakini mengi kati ya haya yanahitaji utaratibu kuliko fedha:

1. Uzito wa mazao utajwe tarakimu mojamoja, na mkulima aonyeshwe mizani na kusomewa stakabadhi yake kabla ya kuondoka.

2. Stakabadhi na matangazo yaandikwe kwa herufi kubwa na wino mweusi. Meza ya karani iwekwe penye mwanga, dirishani au barazani.

3. Ofisi iwe na jozi mbili au tatu za miwani ya kusomea za nguvu mbalimbali, kwa matumizi ya wanachama wanapotia sahihi.

4. Katika kila kituo pawepo benchi kivulini, maji ya kunywa na choo, na wazee wapimiwe kwanza. Vijana wapangwe zamu ya kushusha magunia yao.

5. Katika Mkutano Mkuu wazee wakae mbele. Msemaji asimame akiwatazama, na hesabu zisomwe polepole na kuandikwa ubaoni.

6. Upuliziaji wa dawa katika mashamba ya wasiojiweza ufanywe na kikundi cha vijana kwa malipo yaliyokubaliwa na kamati.

7. Chama kiwasiliane na mganga wa wilaya ili upimaji wa macho na shinikizo la damu ufanyike siku ya mkutano, wakati wanachama wamekwisha kukusanyika.

8. Kila mwanachama aandikishe jina la mrithi wa hisa zake katika rejista, na kulihakiki kila mwaka.

Hakuna hata moja katika haya linalomfanya mzee kuwa mtoto. Asiondolewe katika kamati kwa sababu ya mvi, wala asiachwe humo kwa sababu ya mvi peke yake. Apimwe kwa kazi yake kama wengine. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini ili wazee wazuie neno lisiharibike, hawana budi walisikie kwanza, na walisome. Hilo limo katika uwezo wa kila chama cha msingi, kuanzia msimu huu wa ununuzi. Naye kijana anayesogeza benchi kivulini leo anatengeneza mahali atakapokaa mwenyewe.